Kalamu Nayo Haina Mfupa

Wahenga walisema kuwa ulimi hauna mfupa. Maana ya usemi huo ni kwamba kiungo hicho chepesi hupinda popote mwenyewe apendapo, na ndani yake hamna kitu kinachoweza kukizuia kusema uongo, kusengenya au kusifu pasipostahili sifa, ila tabia ya mwenye kukitumia. Ndiyo maana katika hazina ya methali za Kiswahili ulimi umewekewa ulinzi mkali. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Njia ya mwongo ni fupi. Maji yakimwagika hayazoleki. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu.

Kalamu haikuwekewa ulinzi kama huo. Mtu akikaa akazikusanya methali zinazotaja kuandika atazipata chache, na iliyo mashuhuri miongoni mwao ni ile ya wafanya biashara isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee walitunga methali zao wakiyatazama mambo ya maisha yao ya kila siku, na kwa wengi wao shauri lilikatwa barazani, kwa mdomo, mbele ya mashahidi.

Leo mambo ni mengine. Mkulima hupata au hukosa haki ya shamba lake kwa karatasi. Mwalimu hupanda au hukwama katika daraja lake kwa karatasi. Mjane hupata mafao ya marehemu mumewe, au huzungushwa mpaka nauli ikamwishia, kwa karatasi. Hata pale ambapo kompyuta imechukua nafasi ya jalada, kinachoamua bado ni maneno yaliyoandikwa na mtu fulani aliyeketi mahali fulani. Kwa hiyo yafaa methali za ulimi zihamishiwe kwenye kalamu, tena zihamishwe pamoja na ukali wake wote; kwa sababu kalamu nayo haina mfupa.

URITHI WA MAANDISHI

Si kweli kwamba Waswahili walianza kuandika siku walipofika wakoloni. Kwa karne nyingi watu wa pwani waliiandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo ni wa mwaka 1728. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa mtawala wa Siyu, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha hali yeye mwenyewe akiwa mgonjwa. Jambo la kuzingatia ni jinsi mama huyo anavyoanza: anamwita binti yake aje akae karibu naye, na aje na wino na karatasi. Hakukosa ulimi wa kusemea. Aliona tu kwamba nasaha juu ya tabia njema ni amana, na amana haiachwi kuelea hewani. Iliandikwa ili ibaki baada ya yeye kuondoka, na kweli imebaki.

Wafanya biashara wa pwani nao, ambao wengi wao walikuwa Waislamu, waliijua aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Sura ya Baqara. Aya hiyo inahusu madeni. Inaagiza kwamba mkopo wa muda uandikwe, inamtaka mwenye deni asipunguze chochote anapotamka kiasi anachodaiwa, na inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Fundisho lililomo linafaa kwa mtu wa imani yoyote ile. Daftari peke yake halikuhesabiwa kuwa kinga ya kutosha. Aliyeshika kalamu aliwekewa sharti la tabia kabla hajachovya wino.

DAFTARI LA MKULIMA

Tanzania ililipata somo hilo kwa gharama kubwa. Baada ya Uhuru vyama vya ushirika viliongezeka kwa kasi, na malalamiko ya wakulima yaliongezeka pamoja navyo. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama hivyo na bodi za mazao. Miongoni mwa kasoro zilizodhihirika zilikuwa ni watumishi wasio waaminifu, upungufu wa watu wenye ujuzi wa kazi hiyo, na wanachama wasiokuwa na habari za kutosha juu ya chama kilichokuwa chao wenyewe.

Kasoro hiyo ya tatu yafaa itazamwe kwa makini. Daftari lilikuwapo. Mizani ilikuwapo. Stakabadhi zilikuwapo. Lakini mkulima asiyejua kusoma alitia dole gumba kwenye karatasi iliyoeleza jasho lake, na aliyejua yaliyoandikwa humo ni karani. Methali ya wafanya biashara ilitimizwa kwa maneno na ikavunjwa kwa maana. Mali ilikuwa na daftari, na bado iliweza kupotea bila habari, kwa sababu habari ilikaa upande mmoja tu wa meza.

Kwa kiasi fulani kampeni ya elimu ya watu wazima ilikuwa jibu la aibu hiyo. Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Walimu wa shule za msingi, ambao mchana walifundisha watoto, jioni walifundisha wazazi wa watoto hao. Kampeni ya Mtu ni Afya ikafuata mwaka 1973, na ya Chakula ni Uhai mwaka 1975. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980 takwimu za serikali zilitaja kuwa waliobaki gizani walikuwa kama mmoja katika kila kumi. Nguvu ya kampeni hiyo ilipungua katika miaka iliyofuata, lakini kazi iliyokwisha kufanyika haikuwa ndogo.

Swali linalobaki ni la wale walioshika kalamu kabla ya wengine. Mzee aliyejifunza herufi akiwa na umri wa miaka hamsini, chini ya mwembe, akitumia chaki iliyobaki kwenye darasa la mwanawe, alifanya hivyo ili siku moja asome mwenyewe karatasi inayomhusu. Je, karatasi hiyo imeandikwa ili isomwe naye?

LUGHA YA KUJIFICHIA

Zamani jibu lilikuwa rahisi: karatasi iliandikwa kwa Kiingereza. Kasumba hiyo ilipigwa vita mapema. Mwanzoni mwa mwaka 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli za serikali, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Mahakamani mambo yalikwenda polepole zaidi, hata mwaka 2021 sheria iliporekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki. Kila hatua kama hiyo humwondolea mrasimu ukuta mmoja wa kujifichia.

Lakini mrasimu hodari haishiwi na kuta. Akinyang'anywa Kiingereza, hujenga ukuta mwingine ndani ya Kiswahili chenyewe. Na afikiriwe mwalimu wa shule ya msingi iliyo mbali na barabara kuu, ambaye ameandika barua tatu akidai malimbikizo ya mshahara wake. Baada ya miezi kadhaa anapata jibu. Lina kumbukumbu namba, lina mhuri, lina saini isiyosomeka, na katikati yake mna sentensi moja: "Suala lako linashughulikiwa."

Mwalimu wa Kiswahili hahitaji kuelezwa maana ya sentensi hiyo, kwa kuwa anawafundisha watoto kauli ya kutendwa kila mwaka. Katika kauli hiyo mtendaji anaweza kuondolewa na sentensi ikabaki timamu kisarufi. Suala linashughulikiwa na nani? Limefika meza gani? Linangoja nini? Litakwisha lini? Hakuna hata moja lililojibiwa, na hakuna hata moja ambalo mwandishi anaweza kuulizwa kesho. Ndugu zake maneno hayo ni "imeonekana", "imeamuliwa", "haikuwezekana" na "jalada halikuonekana". Jalada halikuonekana, kana kwamba liliota miguu likatoka masijala likaenda kutembea.

Lazima isemwe kwa haki kwamba kauli ya kutendwa ina mahali pake ofisini. Afisa haandiki kwa jina lake binafsi. Anaandika kwa niaba ya ofisi, na huenda keshokutwa atahamishwa, lakini ofisi itabaki na wajibu ule ule. Kuondoa "mimi" katika barua ya serikali kunaweza kuwa unyenyekevu, kwa maana cheo ni dhamana wala si shamba la mtu. Na tena maafisa wengi wana kazi nyingi kuliko saa za siku. Lakini ipo tofauti kubwa baina ya kuiondoa nafsi na kuuondoa wajibu. Barua inayosema kwamba madai yamepelekwa kwa mhasibu wa halmashauri tarehe fulani, kwamba kinachopungua ni nakala ya barua ya uhamisho, na kwamba jibu litatolewa kabla ya mwisho wa mwezi, haina neno "mimi" hata mahali pamoja. Hata hivyo ina uti wa mgongo. Mwalimu akiipata anajua afanye nini kesho asubuhi. Urefu wa barua hizo mbili haukupishana sana. Kilichopishana ni tabia.

Wahenga wana neno kwa jambo hili pia: mwungwana ni kitendo. Watu wengi huitumia methali hiyo kuyadharau maneno, kana kwamba maneno ni upande mmoja na vitendo ni upande wa pili. Ofisini mgawanyiko huo haupo. Kwa mtumishi wa umma kuandika ndicho kitendo chenyewe. Dokezo lake kwenye jalada ndilo jembe lake, na barua yake ndiyo mavuno. Akiandika ovyo, hakuna kazi nyingine iliyofanyika pembeni itakayomfidia mwananchi.

BARUA ISIYO NA JINA

Pana uovu mwingine wa kalamu ambao kila ofisi na kila shule inaujua. Ni barua isiyo na jina. Asubuhi moja inakutwa mezani kwa mkubwa, au siku hizi inaingia katika simu za watu mia kwa mara moja, ikidai kuwa mkuu fulani wa shule amekula fedha, au kwamba mhasibu fulani ana nyumba tatu, au kwamba mtumishi fulani wa kike hakupanda cheo kwa kazi yake. Hakuna saini. Hakuna tarehe ya tukio. Mtuhumiwa anaanza kutazamwa kwa macho ya pembeni, na hata akisafishwa baadaye, harufu inabaki.

Hapa pia haki idai nafasi yake. Si kila anayeficha jina ni mfitini. Karani wa ngazi ya chini anayeuona wizi wa mkubwa wake ana sababu ya kuogopa, na taifa linamhitaji karani huyo. Kwa ajili hiyo Tanzania ilipitisha mwaka 2015 sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Mtu anayeficha jina lake ili asidhuriwe na mwenye nguvu hafanani na mtu anayeficha jina lake ili amdhuru mwenzake pasipo kuulizwa. Kipimo cha kuwatenganisha si kigumu. Barua ya mwenye hofu ya haki husema mambo yanayoweza kuchunguzwa: hati ya malipo ya mwezi gani, mifuko mingapi ya saruji iliandikwa na mingapi ilifika, nani alitia saini. Barua ya mfitini husema tabia za watu, na mara nyingi husema kile ambacho "wote wanakijua".

Katika jambo hili wasomi wa maofisini wanaweza kujifunza uungwana kwa akina mama wa pwani. Kwa miaka mingi kanga zimechapwa misemo, na misemo mingine ni mikali kama pilipili. Mwanamke mwenye neno na jirani yake huweza kununua kanga yenye usemi unaomfaa, akajifunga, akapita nayo mlangoni pa huyo jirani. Huo ni ugomvi wa maandishi. Lakini atazamwe: anapita mchana, uso wake u wazi, na maneno yamekaa juu ya mwili wake mwenyewe. Aliyeandikiwa anajua nani kaandika, na ana nafasi ya kununua kanga yake ya kujibu. Mwandishi wa barua isiyo na jina, pamoja na elimu yake yote, hajafika daraja hiyo ya ushujaa. Chama kilipomfundisha mwanachama kuahidi kwamba atasema kweli na kwamba fitina kwake ni mwiko, hakikusema kwamba fitina ya maandishi imesamehewa.

SIFA NA KOVU

Kalamu huponza kwa kulaani, na huponza vile vile kwa kusifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika majalada ya utumishi zimo taarifa ambazo kila mtu ndani yake ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye ushirikiano na nidhamu ya hali ya juu. Mkubwa aliyeandika hivyo hujiona mwema, kwa kuwa hakumharibia mtu riziki. Kwa hakika ametenda maovu mawili. Amemnyima mvivu nafasi ya kuambiwa kweli angali na muda wa kujirekebisha, na amemfuta mchapakazi wa kweli kwa kumpa sifa ile ile aliyopewa mvivu. Mbaya zaidi ni sifa inayoandikwa ili kumwondoa mtu: afisa msumbufu huandikiwa maneno matamu apate kuhamishiwa wilaya nyingine, na wananchi wa wilaya hiyo hupelekewa mzigo uliofungwa kwa karatasi ya zawadi.

Kwa mwalimu jambo hili ni zito zaidi, maana anamwandikia mtu ambaye bado anaumbwa. Samaki mkunje angali mbichi. Mwishoni mwa muhula anaandika taarifa za watoto arobaini, pengine themanini au zaidi, na mkono unachoka. Hapo ndipo linapozaliwa lile neno la kudumu, "Ongeza bidii". Aliyekuwa wa kwanza aongeze bidii. Aliyekuwa wa mwisho aongeze bidii. Aliyekosa shule majuma matatu kwa homa naye aongeze bidii. Mzazi aliyejifunza kusoma kwa taabu anaifungua karatasi hiyo na hakuti mtoto wake ndani yake. Lau ingeandikwa kwamba anajua kujumlisha lakini hajaelewa kugawanya, au kwamba anaandika insha vizuri ila husoma kwa sauti kwa aibu, mzazi angejua pa kusaidia, na mtoto angejua kuwa ametazamwa.

Yako pia maandishi ya wino mwekundu yanayojeruhi. Neno moja la dharau kwenye daftari la mtoto huchukua nukta chache kuandikwa, na mwalimu akageuza ukurasa akasahau. Mtoto hasahau. Mwenye kovu usidhani kapoa. Wapo watu wazima, wengine wenye vyeo, ambao hata leo wanaweza kutaja neno waliloandikiwa walipokuwa darasa la tatu, na rangi ya wino wake.

KARANI ALIYEANDIKA VIZURI

Isidhaniwe kwamba kazi ya ofisi haiwezi kupatana na maandishi ya heshima. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga na kufariki mwaka 1962, alikuwa mtumishi wa serikali. Aliingia Idara ya Forodha mwaka 1926, kisha akahudumu katika idara nyingine za serikali ya kikoloni kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Mchana alikuwa karani wa dola ambayo haikumhesabu kuwa sawa na wakubwa wake. Nje ya saa za kazi aliandika vitabu vilivyoitukuza lugha ya watu wake.

Somo kubwa katika vitabu hivyo ni tabia ya binadamu, na majina ya watu wake yanalitangaza waziwazi: Utubora, Adili, Karama, Majivuno. Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, Karama anashtakiwa na waziri Majivuno. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kila upande kuitafutia nchi yao maarifa. Walirudi na taarifa zenye manufaa, na malipo yao yakawa kifungo. Kitabu hicho husomwa kama shutuma dhidi ya utawala dhalimu, na ndivyo kilivyo. Lakini kila mtumishi wa umma anaweza kukisoma kama onyo linalomhusu yeye binafsi. Nchi haiharibiwi na kukosa taarifa pekee. Huharibiwa pia na taarifa njema zilizoandikwa kwa jasho kisha zikafungiwa, pamoja na waandishi wake, kwa kuwa zilimuudhi mkubwa mwenye jina la Majivuno.

Mwaka 1753 mwanasayansi Mfaransa Buffon alipopokewa katika Akademia ya nchi yake alieleza kuwa mtindo wa kuandika ndio mtu mwenyewe. Wasomi wengi wameupenda usemi huo, lakini yafaa upokewe kwa tahadhari. Mtu mwovu anaweza kuandika kwa ufasaha, na mtu mwema anaweza kukosea ngeli. Umdhaniaye ndiye, siye. Utamu wa maneno haupimi tabia. Kinachopima ni kile ambacho mwandishi amekubali kuwajibika nacho: jina lake liko wapi, ushahidi wake uko wapi, na ameahidi nini ambacho kesho anaweza kudaiwa. Kwa kipimo hicho barua yenye makosa mawili ya sarufi na tarehe moja ya kweli ina uungwana kuliko kurasa tatu za lugha ya dhahabu zisizomfikisha mwananchi popote.

WINO UNAOFUTIKA

Iko methali moja zaidi ya maandishi, nayo hutumiwa mara nyingi misibani: wino wa Mungu haufutiki. Watu huifariji kwayo nafsi iliyopatwa na lisiloepukika. Lakini methali hiyo ina upande wa pili ambao hausemwi. Ikiwa wino usiofutika ni wa Mungu peke yake, basi wino wa binadamu unafutika. Dokezo la afisa si kudura. Alama ya mwalimu si kudura. Tarehe ya kuzaliwa iliyokosewa na karani miaka thelathini iliyopita, ambayo leo inamzuia mzee kupata mafao yake, haikushuka kutoka mbinguni. Iliandikwa na mkono, na mkono unaweza kuiandika upya.

Hapa ndipo tabia ya mwenye kalamu inapojaribiwa kwa ukamilifu. Kuandika vema tangu mwanzo ni hodari. Kukubali kwamba kilichoandikwa kilikosewa, na kukirekebisha bila kumfanya aliyekosewa apige magoti, ni hodari zaidi, maana ofisi nyingi huona ni rahisi kumfanya mwananchi afanane na jalada kuliko kulifanya jalada lifanane na mwananchi. Nyani haoni kundule, na masijala haioni kosa lake mpaka awepo mtumishi mmoja mwenye ujasiri wa kulionyesha.

Kwa hiyo watumishi wa umma na walimu hawahitaji semina ndefu juu ya jambo hili. Kabla barua haijatiwa saini na iulizwe maswali matatu. Je, anayeandikiwa atajua nini kitafanyika, na ofisi gani, na lini? Je, aliyetajwa kwa ubaya angeambiwa maneno hayo hayo barazani, uso kwa uso? Na je, aliyesifiwa amesifiwa kwa jambo alilolitenda? Ikiwa jibu la mojawapo ni hapana, karatasi hiyo irudi mezani.

Mahali fulani leo mjane ameketi kwenye benchi la mapokezi na bahasha mapajani. Anajua kusoma, alifundishwa na taifa hili. Ataifungua bahasha hiyo kabla hajafika kituo cha basi, na yaliyomo ndani yataamua kama kesho atarudi shambani au atakopa tena nauli. Mtu aliyeyaandika hatamwona usoni. Ndiyo maana alipaswa kuandika kana kwamba anamwona.